Kampuni Kuungana na Kununuliwa: Kwa Nini Hufanyika, na Deni la Mfanyakazi Hubaki kwa Nani

SWALI:

Masheikh wetu, mwanangu ni fundi wa malori Nyakanazi, huko Kagera, na huu ni mwaka wake wa sita. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi imenunuliwa na kampuni nyengine. Anadai mishahara ya miezi mitatu na malipo ya likizo. Alipokwenda kudai kwa meneja mpya akaambiwa: deni hilo si letu, kamdai aliyekuajiri. Juu ya hayo amepewa karatasi asaini kwamba anaanza kazi upya na hana dai lolote la nyuma. Tangu siku aliyokataliwa mpaka leo ni wiki tano. Je, asaini? Na kwa nini makampuni yanafanya haya ya kununuana, maana hata huku kwetu tumeyaona?

JIBU:

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake.

Mama yetu, tunaanza na la haraka kwa sababu siku zinakwenda. Mwanao asisaini karatasi hiyo mpaka ajue mambo mawili: kampuni imenunuliwa kwa namna gani, na nani amekubali kwa maandishi kuibeba mishahara yake. Wala asikae kusubiri. Huko aliko inatumika sheria ya kazi ya Tanzania Bara, si ya kwetu Zanzibar, na kwa sheria hiyo madai ya mshahara hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Wiki tano ni siku 35. Amebakiwa na siku 25.

Sasa tufafanue, kwa sababu swali hili halimhusu mwanao peke yake. Wengi wa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wana watoto wao Bara, na wengi hawajui Nyakanazi ni wapi. Ni njia panda wilayani Biharamulo, pale barabara inayotoka Kahama inapokutana na ile inayokuja kutoka Kigoma kupitia Kibondo na Kakonko. Malori yanayobeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam hupita hapo yakielekea Rusumo kuingia Rwanda, na Kabanga kuingia Burundi. Penye malori mengi hapakosi karakana, na penye karakana hapakosi vijana wa watu waliokwenda kutafuta rizki.

Imenunuliwa kwa namna gani?

Watu husema "kampuni imenunuliwa" na wakaona wamemaliza, kumbe neno hilo linabeba mambo matatu yasiyofanana kabisa.

La kwanza ni kununuliwa hisa. Hapa kampuni inabaki ile ile, na usajili wake ni ule ule. Waliobadilika ni wenyewe tu. Mfano wake ni jahazi lililobadilisha tajiri. Jahazi ni lile lile, na kama lilikuwa linadaiwa, linaendelea kudaiwa. Mfano tunaoujua sote visiwani ni Zantel. Mwaka 2015 kampuni ya Millicom, iliyokuwa ikimiliki Tigo, ilinunua asilimia 85 ya hisa za Zantel kutoka kwa Etisalat ya Falme za Kiarabu, na bei iliyotajwa ilikuwa dola moja ya Kimarekani. Watu walicheka wakati ule. Lakini haikuwa zawadi, kwa sababu Zantel ilikuwa na madeni makubwa na madeni hayo yaliingia ndani ya nyumba ya mnunuzi pamoja nayo. Bei halisi ilikuwa ni ile dola moja na mzigo wa madeni kwa pamoja.

La pili ni kununuliwa mali. Mnunuzi anachukua malori, karakana, kiwanja, pengine na mikataba ya wateja, lakini kampuni yenyewe haichukui. Kampuni ya zamani inabaki na fedha ilizolipwa na inabaki na madeni yake. Namna hii ndiyo inayowaumiza wafanyakazi, kwa sababu wenye kampuni ya zamani wanaweza kugawana fedha hizo na kuacha ganda tupu. Mtu akenda kudai anakuta ofisi imefungwa na simu haipokelewi.

La tatu ni kuungana hasa: kampuni moja inaingia ndani ya nyingine na kufutika, au mbili zinakufa na kuzaliwa moja mpya. Kwa kawaida, katika muungano wa namna hii haki na madeni huhamia kwa yule anayebaki.

Jina la kibao cha nje lisimdanganye mtu. Mwaka 2019 Zantel iliunganishwa na Tigo, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, iliyokuwa na asilimia 15 ndani ya Zantel, ikabaki na hisa ndogo katika kampuni ile kubwa. Mwaka 2022 Millicom ikauza yote kwa kundi la wawekezaji linaloongozwa na Axian ya Madagascar. Wenyewe walibadilika mwaka huo, lakini kibao cha Tigo kilibaki mpaka mwishoni mwa 2024 kilipogeuzwa kuwa Yas. Kwa hiyo jina linaweza kukaa na mwenye mali akawa ameshaondoka, na linaweza kubadilika na mwenye mali akawa yule yule. Namba zetu zinazoanza na 077 zimepita mikono yote hiyo.

Kwa mwanao, njia nyepesi ya kuanza kujua ni kuangalia hati ya mshahara ya zamani na ya sasa. Kama jina la mwajiri na namba ya mlipa kodi ni zile zile, kuna dalili kubwa kwamba kilichouzwa ni hisa, na maneno ya meneja kwamba "deni si letu" hayana msingi. Kama vimebadilika, huenda ni mali tu zilizouzwa. Uhakika unapatikana BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania Bara, ambako mtu yeyote anaweza kuomba taarifa za kampuni kwa kulipa ada.

Kwa nini kampuni hununuana

Sababu inayotajwa kila mara kwenye magazeti ni kukua na kupunguza gharama. Ni kweli, kampuni mbili za simu zikiungana hazihitaji minara miwili kwenye kilima kimoja, wala wahasibu wawili wa hesabu moja. Lakini mwenye kutaka kuelewa zaidi na aangalie yaliyotokea katika ardhi ile ile anakofanya kazi kijana huyu.

Wilayani Ngara, jirani na mpaka wa Kabanga, kuna hazina kubwa ya nikeli. Utafiti wake ulianza miaka ya 1970. Katika miaka ya 1990 ilikuwa mikononi mwa Sutton Resources ya Canada. Mwaka 1999 Barrick iliinunua Sutton, na shabaha yake kubwa ilikuwa dhahabu ya Bulyanhulu. Nikeli ya Ngara ikaja pamoja nayo, kama mtu aliyenunua shamba kwa ajili ya mikarafuu akakuta na minazi. Mwaka 2005 Barrick ikaingia ubia na Falconbridge katika nikeli hiyo. Mwaka uliofuata Falconbridge ikanunuliwa na Xstrata ya Uswisi. Mwaka 2013 Xstrata ikaungana na Glencore. Tazama basi: mwenye nusu ya nikeli ya Ngara alibadilika mara mbili ndani ya miaka saba kwa mikataba iliyofungwa mbali kabisa na Ngara, na hakuna mgodi uliofunguliwa. Mwaka 2018 Serikali ilifuta leseni za kushikilia maeneo bila kuchimba, na hii ikiwemo. Januari 2021 ukasainiwa mkataba mpya uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, Serikali ikiwa na asilimia 16. Mwenye asilimia 84 ni Kabanga Nickel, ambayo sasa iko chini ya Lifezone Metals iliyoingia soko la hisa la New York Julai 2023, nayo kwa njia ya kuungana na kampuni iliyokuwa tayari imeorodheshwa huko. BHP ya Australia iliingia na fedha zake ikafikia asilimia 17 ya Kabanga Nickel, na Julai 2025 Lifezone ikazinunua hisa hizo BHP ikatoka.

Tumelirefusha hili kwa makusudi. Hapa sababu ya kununua si kuchimba kesho. Ni kushika nafasi, kuingiza hazina kwenye vitabu, na kusubiri bei. Anayesubiri akiwa na mtaji mkubwa hadhuriki. Mwanakijiji aliyeambiwa asijenge nyumba ya kudumu kwa sababu eneo litachukuliwa, huyo miaka yake haimo kwenye hesabu ya mtu.

Sasa Biharamulo. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005 chini ya Barrick, baadaye ukawa wa tawi lake, African Barrick Gold. Ulipokaribia mwisho, kampuni hiyo kubwa haikuona faida ya kubaki, na mwishoni mwa 2013 ikakubaliana kuuuza kwa shirika la Serikali, STAMICO, kwa dola milioni 4.5. Leo unaendeshwa kwa jina la STAMIGOLD. Hapa sababu ni kwamba kilicho kidogo kwa mmoja ni kikubwa kwa mwingine: mabaki yasiyolipa gharama za kampuni ya kimataifa yanaweza kulilipa shirika la nyumbani. Na mnunuzi wa mgodi hachukui dhahabu peke yake. Anachukua pia wajibu wa kuirekebisha ardhi siku ya kufunga, nao ni deni kama madeni mengine ingawa mdai wake ni ardhi na wanaoishi juu yake.

Kuna na sababu ambayo watu hawaitaji, nayo ni kumaliza ugomvi. African Barrick Gold iliyobadilishwa jina kuwa Acacia iligombana na Serikali mwaka 2017 juu ya mchanga wa madini na kodi. Dai lililotolewa lilifika dola bilioni 190. Acacia yenyewe haikuweza kusuluhishwa. Barrick, iliyokuwa na karibu asilimia 64 ya hisa zake, iliishia kuzinunua zilizobaki Septemba 2019, Acacia ikafutika, ikaundwa Twiga Minerals kwa ubia na Serikali, na Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300. Kampuni moja ilimezwa ili watu waweze kukaa meza moja.

Na ipo sababu ya kuogopwa: kushika soko. Oktoba 2021 Scancem, iliyo chini ya kundi la Heidelberg lenye Twiga Cement, ilikubaliana kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, wenye Simba. Tume ya Ushindani ya Bara ikaruhusu. Septemba 2022 Baraza la Ushindani likatengua ruhusa hiyo, kwa kuwa wawili hao wakiwa pamoja wangepita asilimia 35 ya soko, kiwango ambacho sheria ya ushindani ya mwaka 2003 ilikuwa ikikiangalia kwa jicho kali. Mvutano uliendelea, na mwaka 2024 hisa hizo zikaishia kwa Amsons, kampuni ya Kitanzania, ambayo Desemba mwaka huo huo ilivuka mpaka ikainunua Bamburi Cement ya Kenya. Anayejenga chumba Mwera au Wete anaweza kuona haya ni mambo ya wakubwa. Lakini mfuko wa saruji anaoununua umevuka bahari, na wauzaji wakiwa wachache bei huamuliwa na wachache. Ndiyo maana Bara muungano wenye thamani ya shilingi bilioni 3.5 na kuendelea hauruhusiwi kukamilika bila ya Tume kuarifiwa, na sisi Zanzibar tunayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

Matokeo yake

Si kweli kwamba kila muungano ni dhulma, na si kweli kwamba kila muungano huleta manufaa yaliyoahidiwa. Mgodi mdogo uliookolewa huendelea kulipa mishahara. Mtandao dhaifu ukiingia kwenye wenye nguvu, mteja hupata mawasiliano mazuri zaidi. Kwa upande wa pili, wenyewe wakubwa hukosea hesabu: Daimler ya Ujerumani iliungana na Chrysler ya Marekani mwaka 1998 kwa sherehe kubwa, na mwaka 2007 wakaachana kwa hasara. Mara nyingi wanaolipia kosa hilo mwanzo ni wale waliokuwa wakifanya kazi inayofanana katika kampuni zote mbili, kwa sababu nafasi yao moja inaonekana imezidi.

Upande wa sheria ya dini

Deni katika fiqhi hukaa kwenye dhima ya mdaiwa, na halihami kwa yeye kupenda tu lihame. Kulihamisha kunaitwa hawala, na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, Allah amrehemu, haisihi bila ya ridhaa ya mwenye kudai. Kwa hiyo kampuni ya zamani na mpya haziwezi kukaa zikakubaliana baina yao kwamba deni la kijana limehama au limekufa, naye hakuulizwa. Na aya ya kwanza ya Suratul Maida imeamrisha kutekelezwa mikataba, wala mkataba wa ajira haukutolewa humo.

Lakini hukumu hii ina upande wa pili, na hapo ndipo tunapomtaka mwanao awe na tahadhari. Kwa Mashafi'i, mdai akisharidhia hawala, mdaiwa wa kwanza anakuwa huru. Hata kama wa pili atafilisika au atakana, mdai hana njia ya kurudi kwa wa kwanza. Mahanafi wanaona tofauti katika hali hizo, lakini mtu asijenge nyumba yake juu ya khitilafu ya wanavyuoni. Karatasi aliyopewa ni mbaya zaidi ya hawala, kwa sababu inamwachilia wa kwanza wala haimfungi wa pili. Ni kusamehe deni, na mwenye haki anaweza kusamehe akitaka. Asisamehe kwa kutojua kilichoandikwa.

Meneja mpya naye tusimdhulumu. Ikiwa ni kweli kwamba kilichonunuliwa ni malori na karakana tu, na kampuni yake haikukubali madeni, basi kidini haidaiwi mishahara ya kabla yake, na aliyekula jasho la kijana ni yule aliyeuza. Mwanao akamdai huyo.

Afanye nini sasa

Akusanye mkataba wa kazi, hati za mshahara, ujumbe wa simu na taarifa za benki. Aangalie michango yake NSSF, ambayo kwa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara kwa pande zote mbili. Mwajiri anayechelewesha mishahara mara nyingi huchelewesha na hiyo. Aandike barua ya madai kwa kampuni zote mbili, abaki na nakala zilizogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha ajaze fomu namba moja ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na awataje wote wawili kama wadaiwa ili asirushwe baina yao kama mpira.

Kuna jambo moja zaidi lililojificha kwenye yale maneno "anaanza kazi upya". Sheria ya Bara inampa mfanyakazi anayepunguzwa kazi kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka kumi. Mwanao ametimiza miaka mitano, yaani siku 35. Akisaini kwamba leo ndiyo siku yake ya kwanza, miaka hiyo itakuwa na mashaka. Lakini pia asikimbilie kuacha kazi kwa hasira. Sheria hiyo hiyo inamnyima kiinua mgongo anayekataa bila sababu ya msingi kazi aliyopewa, hata ikiwa ni kwa mwajiri mwingine. Aendelee na kazi, na aandike kwamba anaikubali kazi bila ya kuacha madai yake. Akija kufukuzwa kabisa, hapo muda wa kulalamika ni siku 30, si 60.

Na kwa familia ambazo marehemu wao aliacha hisa katika kampuni iliyokwisha kuunganishwa au kununuliwa: hisa hizo hazikupotea. Zimegeuka kuwa hisa za kampuni nyingine au kuwa fedha, na ni sehemu ya tirka inayogawiwa warithi baada ya kulipa madeni na kutekeleza wasia. Waulize kwa dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam wakiwa na hati ya usimamizi wa mirathi.

Mwanao akipata taarifa za BRELA kabla ya siku hizo 25 kwisha, atutumie pamoja na nakala ya karatasi aliyopewa. Tutamsomea mstari kwa mstari.

Na Allah Anajua zaidi.